Alama ya Kuuliza Katika Jina la Shosho

Jumapili Shosho, nyanya yangu, alininyoshea simu yake: "Mbona jina langu wameliwekea alama ya kuuliza? Kwani hawana hakika ni mimi?"

Meseji ya kliniki ilisema "M?thoni" badala ya "Mũthoni". Mfumo unaozituma tunautunza sisi.

Bado usiku nasikia swali hilo. Hawana hakika ni mimi?

Alama yenyewe ndiyo iliyonielekeza. Kompyuta huhifadhi herufi kama namba ziitwazo baiti, kwa kufuata usimbaji, yaani jedwali la herufi na namba zake. Herufi ũ katika usimbaji wa UTF-8 ni baiti mbili, C5 A9. Mpokeaji akizisoma kama Windows-1252, usimbaji mwingine, huona "Å©": inaudhi, lakini baiti ni nzima na jina linaokoleka. Alama moja ya kuuliza ni msiba mwingine. Mtumaji alijaribu kuandika ũ kwa usimbaji usioijua, akaweka 3F, baiti ya alama ya kuuliza, mahali pake. Herufi imekufa, na hairudi ila kutoka databezi.

Nikachapisha baiti kila kituo ambacho jina hupitia. Databezi: C5 A9. Foleni ya ujumbe: 3F. Katikati kuna programu ya Java 8 inayoita getBytes() bila kutaja usimbaji, yaani inageuza maandishi kuwa baiti, ndani ya kontena lisilowekewa LANG, mpangilio wa lugha na usimbaji, basi Java ikashika ASCII, usimbaji usio na ũ. Sasa ni getBytes(StandardCharsets.UTF_8), programu inayosoma foleni nayo vivyo hivyo, na charset=utf-8 imeandikwa kwenye kichwa cha kila ujumbe ili asiwepo wa kukisia. Zilizokuwa zimeharibika kwenye foleni nilizifuta, zikaundwa upya kutoka databezi.

Furaha ikakutana na bili. Alfabeti ya kawaida ya SMS, ile ya biti 7, haina ũ wala ĩ. Lazima data_coding, sehemu inayotaja usimbaji wa SMS, iwe 8, yaani UCS-2 yenye baiti mbili kwa kila herufi, na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ukizidisha, kila kipande hubeba 67 tu. Meseji yetu ya herufi 120 ikawa vipande viwili, yaani malipo mara mbili. Kuna aliyeshauri tuandike u tupu. Nilikataa katakata: Kikuyu kina irabu saba, na ũ si u yenye pambo. Nimeondoa "Mpendwa mteja wetu" na maneno mengine yasiyo na kazi, mpaka ikaingia kwenye 70.

Leo nimemtumia Shosho ya majaribio, nikampigia. Akaisoma polepole, "Mũthoni", akanyamaza kidogo. "Eeh. Huyu ni mimi."

Kisha akakohoa, akakohoa tena. Kikohozi hicho kinaingia wiki ya tatu.