Ndege mia tatu kwa tuktuk

Mwaka 2016 Mholanzi Arjan Dwarshuis alizunguka dunia kuanzia Januari mosi hadi Desemba 31, akaona aina 6,852 za ndege. Mwaka uliotangulia Mmarekani Noah Strycker alikuwa amefikisha 6,042. Mimi nina tuktuk, tena bado nailipia. Kwa hiyo nilipoingiwa na hamu ya kuwa na mwaka wangu wa ndege, sikuwaza dunia wala Kenya nzima. Nilijiwekea mipaka: kusini nisivuke hori ya Mida, kaskazini niishie mashamba ya chumvi ya Gongoni, bara nifike Jilore na Marafa, na kila usiku nilale kwangu Malindi.

Rekodi niliyoitaka ilikuwa ya rafiki yangu anayeongoza wageni msituni. Aliwahi kufikisha aina 284 kwa mwaka mmoja ndani ya eneo hilohilo. Hakuna ofisi inayoitunza rekodi hiyo, lakini sisi tunaohusika tunaijua, naye hachoki kutukumbusha. Mimi nikasema nataka 300. Akacheka. Nchi hii ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na mwaka 1986 watu watatu waliona aina 342 humu nchini ndani ya saa 24, kwa hiyo mia tatu kwa mwaka mzima haikuonekana kiburi. Ila wale hawakuwa na abiria wa kupeleka sokoni.

Sheria zilikuwa chache: ndege awe hai, awe huru, nami nimwone kwa macho yangu. Wapo wanaohesabu hata aliyesikika tu, na si kosa. Mimi niliamua wa kusikika nimwandike pembeni. Uamuzi huo ulinitesa baadaye, maana msitu wa Arabuko-Sokoke ni wa masikio zaidi kuliko macho.

Januari ni sherehe, kila anayeruka ni mpya. Wa kwanza kabisa alikuwa kunguru wa Bara Hindi, juu ya waya wa stima, kabla jua halijatoka. Simpendi. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na tangu hapo amejaa pwani yote akila mayai na makinda ya wenzake. Lakini sheria ni sheria, nikamwandika. Wakafuata yangeyange, mnana, chozi, shorewanda, mwewe, hondohondo. Wengi niliwaona nikiwa stejini nangoja zamu, darubini shingoni, wenzangu wakiniuliza kama nimeajiriwa na serikali. Mpaka mwisho wa Februari nilikuwa nimeshapita nusu ya safari bila kutumia petroli ya ziada. Hapo ndipo wengi hujidanganya. Nusu ya pili haiji mpaka ujue ni nani anakuja lini, na maji yako wapi.

Hilo la maji nilifundishwa Mida. Nilifika asubuhi moja nikakuta uwanja wote wa mchanga uko wazi, ndege ni nukta tu kule mbali, hata darubini haisaidii. Mzee mmoja mvuvi alikuwa anatengeneza nyavu zake chini ya mikoko.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Wawatafuta vitwitwi? Umekuja saa mbaya. Maji yamekupwa, wametawanyika kula. Kaa hapa, maji yakianza kujaa yatakuletea yenyewe."

Nikakaa. Maji yalipoanza kuingia, vile vikundi vikaanza kusogea ufukoni, hatua kwa hatua, mpaka wakasimama mbele yetu wamebanana kwenye kipande cha mchanga kilichobaki. Ami akaniambia pia nisije siku za bamvu kubwa, kwa kuwa maji hufunika kila kitu na ndege huhamia kwingine; wala siku za maji mafu kabisa, kwa kuwa hayawasukumi. Nitafute katikati. Tangu siku hiyo nilipanga Mida kwa mwezi wa mbinguni, si kwa kalenda ya ukutani, na nikaacha kupoteza asubuhi.

Katika wale waliobanana alikuwamo yule niliyemtaka zaidi, mla kaa mwenye rangi nyeupe na nyeusi, miguu mirefu, mdomo mnene kupita mwili wake. Huyu si kama ndege wengine wa ufukoni. Anachimba shimo mchangani na kutaga yai lake mumo humo, huko pwani za Uarabuni na Somalia, kisha anateremka kwetu na kaskazi. Wengi huwa wameondoka ifikapo Aprili. Jioni ileile keremkerem wekundu walipita kwa makundi kwenda kulala mikokoni, nikawa sijui nitazame wapi.

Kisha kusi likaingia. Kila mtu wa Malindi anajua maana yake: hoteli zinafungwa, wageni wanakwenda zao, tuktuk zinalala kutwa kivulini. Kwa mfuko wangu ulikuwa msimu mbaya. Kwa orodha yangu ulikuwa mzuri kuliko nilivyotegemea, kwa sababu wakati Wazungu wanaondoka, ndege wa Madagaska wanafika. Mlangoni mwa mto Sabaki, mto uleule unaoanza karibu na Nairobi ukiitwa Athi, wapo ndege wadogo wa kahawia wanaozaa Madagaska na kuja kwetu takriban Aprili hadi Septemba. Mchana wanakaa mchangani bila kutikisika, unaweza kupita karibu usiwaone. Jua likipungua makali wote wanainuka kuwinda wadudu hewani. Sabaki hiyohiyo ina heroe, ina shakwe, na ina matope ambayo yaliwahi kuninyang'anya kiatu kimoja mpaka leo.

Visiwani nilikwenda mara chache, na sitasema mengi kwa kuwa nilitapika. Mbele ya Watamu kuna kisiwa cha mawe kiitwacho Whale Island ambako ndege wa jamii ya shakwe, wembamba wenye mikia ya panda, huzaa wakati wa kusi. Niliwaona. Bahari ya kusi si ya mtu wa tuktuk.

Msitu ndio uliokula mwaka wangu. Arabuko-Sokoke ina kilomita za mraba zipatazo 420, na watu wakiuona kutoka barabara ya Mombasa hudhani ni miti tu. Ndani yake ni misitu mitatu tofauti. Kuna msitu mchanganyiko wenye mibambakofi. Kuna ukanda wa miti ya mirihi kwenye mchanga mweupe ambao hauoti kitu kingine cha maana. Halafu upande wa Jilore kuna vichaka vizito vya udongo mwekundu. Ndege wa udongo mmoja hamtafuti kwenye udongo mwingine, utapoteza siku. Na kwa kuwa mna tembo na nyati, huingii peke yako ukitazama juu. Nilihitaji mwongozaji. Mwongozaji niliyemjua ni yuleyule mwenye rekodi.

Lazima nimsifu hapa. Mtu mwingine angenizungusha. Yeye alinipeleka kwenye mirihi, akanikalisha juu ya gogo na kuniambia nisitembee. Tulikaa kimya mpaka nikaanza kusinzia, halafu ghafla miti yote juu yetu ikajaa. Katika mirihi ndege mbalimbali hutembea pamoja kama msafara wa harusi, mramba mbele, wengine nyuma, kila mmoja akila chakula chake, na wakishapita hubaki ukimya tena. Ndani ya dakika chache nilipata aina mpya ambazo nisingezipata kwa wiki, akiwamo mnana wa Kilifi, mwenye njano na nyeusi. Huyu hapatikani popote duniani ila katika kaunti yetu. Wanasayansi walimjua tangu mwaka 1913, lakini hawakujua anajenga wapi mpaka mwaka 2013, kiota kilipopatikana kwenye dimbwi la msimu huko msitu wa Dakatcha, karibu na Marafa. Fikiria, miaka mia moja! Na Dakatcha yenyewe inakatwa kwa makaa kila siku. Nimepakiwa magunia hayo kwenye tuktuk yangu na ninajua yanakotoka. Siku hizi siyabebi, na kuna wateja walionihama kwa hilo.

Bundi wa Sokoke alichukua muda zaidi. Ni mdogo, hafiki hata urefu wa kiganja na vidole vilivyonyooka, na mchana hulala kichakani akiwa na mwenzake, rangi yao ikishabihiana na majani makavu. Nilikuwa nimeshamsikia usiku mara nyingi, tonk, tonk, tonk, na kwa sheria za wengine ningekuwa nimemaliza. Rafiki yangu alitambaa chini ya miiba mpaka nikamwona nyayo tu, kisha akaniita kwa mkono.

"Tazama usawa wa goti langu," akanong'ona. "Wawili. Na ujue nikikuonyesha hawa najichimbia kaburi mwenyewe."

Kufikia Septemba hesabu ilibadilika. Mwanzoni ndege walikuwa bure. Sasa ndege mmoja alikuwa sawa na mapato ya siku nzima, ukijumlisha petroli na wateja niliowakosa. Mke wangu alianza kuuliza, "Leo umeleta nini?" nami nikamtajia ndege, naye akanyamaza kwa namna ninayoijua. Nikajipangia: alfajiri ni ya ndege, kuanzia saa mbili ni ya abiria, ndege watakaojitokeza baada ya hapo watakuwa wa njiani.

Gongoni ilisaidia sana, kwani maji yakijaa ndege wengi wa ufukoni hukimbilia kwenye mabwawa ya chumvi. Tatizo ni lango. Mlinzi aliitazama darubini, akaitazama tuktuk, akauliza nimetumwa na nani. Nilimfungulia daftari langu. Akasoma ukurasa mzima kwa kidole, akafika kwenye jina la kitwitwi na kusema, "Hawa wako wengi hapa, mbona huandiki mia?" Ilibidi nimweleze kwamba aina moja huhesabiwa mara moja tu. Aliona ni kazi ya ajabu, akapiga simu kwa mkubwa wake, nikaruhusiwa kutembea juu ya kingo nisiguse chumvi.

Nilikuwa naingiza kila kitu pia kwenye eBird, mtandao wa kuandikia ndege ulioona, ambako kuna watu wanaokagua orodha, na ukitaja ndege adimu wanakuuliza. Mwanzoni nilikasirika, nikaona kama naitwa mwongo. Baadaye nikajifunza kubana kamera ya simu kwenye jicho la darubini. Picha zinatoka mbaya, lakini mdomo na miguu huonekana, na mara mbili picha hizo zilinionyesha kwamba mkaguzi alikuwa sahihi na nikamfuta ndege.

Rekodi ilivunjika Novemba, baada ya mvua ya vuli, kumbikumbi wakiwa hewani kila mahali. Nilikuwa nimembeba mama mmoja na ndoo yake ya samaki nikaona juu ya uwanja kozi wadogo wengi wakizunguka. Kozi wa Amur! Wanatoka mashariki ya mbali ya Asia, wanavuka Bahari ya Hindi na kupita kwetu wakielekea kusini mwa Afrika.

"Mama, samahani, nipe dakika moja tu."

"Mwanangu, samaki wangu!"

"Ni wa mia mbili themanini na tano, mama."

"Na mimi nina samaki kumi na wawili, wote wanaoza." Lakini alishuka, akaiomba darubini, na ndiye aliyeniambia kwamba mmoja wao ana miguu ya rangi ya chungwa. Sikumtoza nauli.

Rafiki yangu nilimpigia jioni. Alipokea kwa heshima, akanipa hata majina ya mahali pa kumalizia. Desemba ilirudisha wageni wa kaskazi niliokuwa nimewakosa Januari, na mwaka uliisha nikiwa na 303.

Aliyeniponyoka ni pita wa Afrika, yule mwenye tumbo jekundu na mgongo wa kijani. Hupita pwani yetu kati ya Mei na Oktoba, husafiri usiku, na taa za majumba humchanganya. Mtunza bustani wa hoteli moja alimkuta asubuhi chini ya dirisha, amezimia, akamweka kwenye katoni, akanipigia. Nilipofika katoni ilikuwa tupu. Ndege alizinduka, mtunza bustani kwa huruma akamwachia. Kwa kweli hata ningemkuta ndani ya katoni asingehesabika. Kwa hiyo tumekubaliana upya: safari ijayo asimguse, amkinge tu dhidi ya paka, na anipigie hata kama ni saa tisa za usiku. Mke wangu amesema simu hiyo nikaipokelee nje.