Ninavyoizima injini ya dizeli inayojipiga resi

Hapa Kigoma mashine za kusaga muhogo na mahindi ninazoitiwa nyingi ni za silinda moja aina ya S195, nguvu farasi 12, mizunguko 2,000 kwa dakika. Mwenye mashine akinipigia, "Fundi, inajipiga resi!", yaani injini inazidi kasi yenyewe na haishikiki, namuuliza kwanza: ukifunga dizeli, inazima?

Ikizima, shida iko kwenye pampu. Mara nyingi pampu imetoka kufunguliwa, na wakati wa kuirudisha kile kichwa cha mviringo cha mkono wa planja (kijiti cha ndani ya pampu kinachosukuma dizeli) hakikuingia kwenye uma wa gavana, kifaa kinachodhibiti kasi. Gavana inakosa cha kushika, dizeli inaingia yote, injini inapaa mara tu inapowaka. Karibu na pampu kuna kidirisha chenye kifuniko. Nafungua, namulika tochi, nasukuma mkono wa mafuta huku na huku mpaka nione uma unamsogeza planja. Kabla ya hapo siwashi.

Isipozima, inachoma oili. Kwa mashine za muhogo ninachokikuta zaidi ni chujio la hewa lenye bakuli la oili: vumbi la unga linaliziba, injini inavuta kwa nguvu zaidi, na kama bakuli limejazwa kupita alama, oili inafyonzwa hadi kwenye silinda. Ringi zilizokwisha nazo hupitisha mvuke wa oili, na kwenye malori sili za tabo (turbo, feni inayosukuma hewa kwenye injini) huvuja. Oili ikishakuwa ndiyo mafuta, gavana haina kauli tena.

Hapo dawa ni kukata hewa. Mashine ninazozihudumia nazifungia bamba la chuma la milimita 3 linaloteleza kati ya chujio na injini. Likiwekwa upande wa nje wa chujio, mvuto unazidi kunyonya oili ya bakuli. Bomba la kupumulia injini nalo lisiingie baada ya bamba, maana hewa itapita humo.

Pasipo bamba, ng'oa chujio ubandike ubao mnene uliopigwa mpira wa tairi. Kanga au gunia litavutwa ndani, na mkono usiuweke kabisa. Mkanda usiuvue: mzigo ukitoka, injini inapaa zaidi. Watu wote watoke kwenye usawa wa flaiwili (gurudumu zito la injini), kwa sababu ikipasuka vipande vinaruka upande huo. Lori la gia za mkono naliweka gia ya juu kabisa, nakanyaga breki zote, naachia klachi kwa mkupuo.

Ikishazima, hakuna kuwasha kujaribu. Namwaga oili ya chini nikiipima na kuinusa. Ikinuka dizeli, nazikagua pampu na nozeli. Kisha naizungusha flaiwili kwa mkono nikisikiliza, nafungua kifuniko cha nyuma, nazitoa bolti za konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki. Bolti iliyorefuka hata kidogo siirudishi, hata kama nyuzi zake zinaonekana nzima.