Anza na saa ya mtoto kulala, mahali patafuata

Kabla ya kuchagua pa kwenda, chukua karatasi uandike saa ambazo mtoto wako mdogo kuliko wote huamka, hula na hulala mchana. Hiyo ndiyo ratiba yenu. Matembezi mengi huharibika kwa sababu mzazi amefuata saa za geti kufunguliwa, na mtoto wa miaka 2 aliyezoea kulala saa 7 mchana anajikuta saa hiyo kwenye foleni, juani. Kilio chake hapo si utundu, ni usingizi.

Mtoto wa umri huo ana kipindi kimoja kizuri kwa siku: tangu amalize kifungua kinywa hadi kama nusu saa kabla ya usingizi wa mchana. Tuseme mnatoka nyumbani saa 2 asubuhi na safari inachukua saa moja. Mnafika saa 3, na hadi saa 6 na nusu yuko macho na ana furaha. Saa tatu na nusu zinatosha sana, ila safari ingekuwa ya saa mbili na nusu, zingebaki saa mbili tu, na hizo humalizwa na kuvua viatu, kutafuta choo na kubishania kofia. Kwa hiyo, ukiwa na mtoto wa chini ya miaka 4, usiende mbali zaidi ya saa moja kwa matembezi ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Safari ya kurudi iwekeni pale pale kwenye usingizi wake, asinzie garini au kwenye basi mkielekea nyumbani. Aliyefikisha miaka 6 anaweza kukaa hadi alasiri, mradi amekula na amepata mahali pa kivuli pa kukaa kimya kidogo.

Panga jambo moja kubwa kwa siku. Bwawa la kuogelea au wanyama, si vyote viwili. Watoto hupenda kurudia kitu kimoja mara kumi, na mzazi mwenye orodha ndefu atawavuta mkono wakati wameanza kunogewa. Umbali unaoutembea wewe kwa dakika 10, mpe mtoto wa miaka 3 dakika 20 au zaidi, maana atasimama kwenye kila jiwe na kila mdudu. Na asitoke na viatu vipya siku hiyo. Avivae nyumbani wiki nzima kwanza, la sivyo malengelenge yatawarudisha mapema.

Chakula kinataka mpango kuliko kitu kingine. Usiache zaidi ya saa 2 au 3 zipite bila mtoto kula chochote, na mpe kabla hajaanza kulalamika, kwa sababu mwenye njaa kali mara nyingi hukataa hata anachokipenda. Chakula kilichopikwa kisikae nje ya ubaridi zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32 kisizidi saa 1. Gandisha chupa mbili za maji usiku, uziweke ndani ya kontena la chakula: zitakipoza asubuhi na mtayanywa maji yake mchana. Zabibu mbichi zikate kwa urefu vipande vinne kwa walio chini ya miaka 5, na karanga nzima waache kabisa, maana huziba njia ya hewa. Kula wakae chini, si wakikimbia. Kifurushi kimoja cha vitafunwa kisifunguliwe hadi mkiwa njiani kurudi. Hicho ndicho kitakachowaokoa foleni ikiwakamata.

Mkobani weka nguo kamili za kubadilisha kwa kila mtoto, nepi moja zaidi ya hesabu yako, taulo dogo, mifuko mitupu kwa nguo chafu, plasta, na losheni ya kukinga jua yenye kiwango cha SPF 30 au zaidi. Losheni ipakwe upya kila baada ya saa 2 na kila mtoto atokapo majini. Aliye chini ya miezi 6 akae kivulini. Usitegemee losheni kwa huyo. Mzazi naye abebe fulana yake ya akiba, jambo ambalo husahaulika mpaka mtoto atapike.

Kutapika safarini mara nyingi husababishwa na sikio la ndani kuhisi mwendo wakati macho yanatazama kitu kilichotulia, kama kitabu au simu. Mara nyingi huwapata watoto wa miaka 2 hadi 12. Mweke mahali anapoweza kutazama mbali mbele, ondoa simu, fungua dirisha kidogo, mpe chakula chepesi kabla ya safari badala ya kumwacha na tumbo tupu. Kama ni gari lenu, simameni kila baada ya saa 2 hivi. Na mtoto asiachwe ndani ya gari lililoegeshwa hata kwa dakika chache, kwa kuwa joto ndani hupanda takribani nyuzi 10 kwa dakika 10 za kwanza, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima.

Mpige picha kila mtoto asubuhi mkiwa tayari kutoka. Akipotea utaonyesha nguo alizovaa leo badala ya kujaribu kuzikumbuka ukiwa na hofu. Andika namba yako ya simu kwa kalamu ndani ya mkono wake. Mfundishe akijikuta peke yake asimame pale pale, aite jina lako halisi na si "mama" tu, kisha amwendee mfanyakazi mwenye sare au mama mwenye watoto.

Penye maji sheria inabadilika. Mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mikono. Huzama kimya, tena kwa muda mfupi. Asiyejua kuogelea awe mahali ambapo mkono wako unamfikia. Maboya ya kujaza upepo ni ya kuchezea, hayachukui nafasi ya jaketi la kuokolea maisha. Mkiwa watu wazima wengi ndipo hatari inapozidi, kwa kuwa kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Peaneni zamu za dakika 15, na mwenye zamu asishike simu.

Kwa mapumziko ya kulala nje, usiku 2 hupita usiku 1 kwa mbali. Usiku wa kwanza watoto wengi hulala vibaya mahali pageni, na mkiondoka kesho yake mtakuwa mmebeba uchovu tu. Chukua shuka analolalia, lisiwe limefuliwa, ili harufu ya nyumbani imfuate. Mkifika, kabla ya kufungua mizigo, piga magoti ukague chumba kwa kimo cha mtoto: kamba za mapazia, soketi, dirisha linalofunguka kirahisi, kiti kilichowekwa karibu na ukuta wa roshani, joto la maji ya bombani. Jambo la kuuliza kabla ya kulipia ni kama chumba kina mlango au pazia la kutenga watoto. Pasipo hivyo, taa zikizimwa saa 2 usiku kwa ajili yao, nanyi mtakaa gizani.

Siku ya kurudi msiipangie kitu. Mfike nyumbani kabla ya saa 10 jioni, mtoto apate chakula chake, aoge na alale saa ileile ya kila siku. Kisha, kabla hujafua chochote, kagua mkoba uone kilichorudi bila kutumika, na kingine mlichokikosa kiandike kwenye karatasi ile ile ya mwanzo.