Nilianza kwa kuomba msaada

Kanisani tunasalimiana sana. "Bwana asifiwe," mkono, tabasamu, kisha kila mtu anarudi kwa watu wake. Katika usharika wetu kuna mzee aliyemaliza kifungo kirefu gerezani. Hakuna aliyemfukuza, tena alipewa nguo na kuombewa kwa jina. Lakini benchi alilokalia lilibaki wazi kulia kwake na kushoto kwake. Mimi ni shemasi, na lililoniuma ni kwamba tulimhudumia mtu huyu kwa kila namna isipokuwa kukaa naye tukazungumza.

Njia niliyoifuata niliipata katika Yohana 4. Yesu amechoka, ameketi kisimani Sikari yapata saa sita mchana, na mwanamke Msamaria anakuja kuteka maji. Kati ya Wayahudi na Wasamaria palikuwa na jeraha la zamani. Zaidi ya miaka 100 kabla ya Yesu kuzaliwa, mtawala wa Kiyahudi, Yohana Hirkano, alilibomoa hekalu la Wasamaria juu ya mlima Gerizimu, na mama yule hakawii kuutaja mlima huo. Sasa angalia Bwana anavyoanza: "Nipe maji ninywe." Mwenye maji ya uzima anaomba maji! Mahubiri mengi hukimbilia habari ya waume watano aliokuwa nao mwanamke yule. Kwangu mimi, ombi lile ndilo lililomfungua kinywa, kwa sababu lilimpa heshima ya kuwa na kitu ambacho mwenzake anakihitaji.

Basi nikatafuta jambo nililolihitaji kweli. Ombi la kujifanya hutambulika upesi, na huumiza kuliko kunyamaza. Mabenchi ya watoto wa shule ya Jumapili yalikuwa yamelegea miguu, na nilishasikia kwamba mzee alijifunza useremala akiwa kifungoni. Nikamfuata baada ya ibada.

"Baba, mabenchi ya watoto yamenishinda. Naomba unifundishe."

Akanitazama kitambo. "Una randa?"

Sikuwa nayo. Akaniuliza patasi, gundi, msasa, kisha akasema atakuja mwenyewe ayaone kwanza.

Tulifanya kazi jioni kadhaa. Niligundua kwamba mtu aliyezoea kuhojiwa huongea kwa urahisi zaidi mikono ikiwa kazini na macho yakiwa kwenye ubao. Kosa lake sikuliuliza. Nilijiwekea mpaka kwamba swali nisilopenda kuulizwa mimi, nami silitoi. Nilimwuliza juu ya mbao: ipi hupasuka, ipi huvumilia, na kwa nini gundi peke yake haitoshi. Alieleza kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake ibadani.

Siku moja akaweka msasa chini. "Shemasi, mimi mnaniombea kila wiki. Wewe anakuombea nani?"

Ningeweza kujibu kwa maneno ya kanisani. Nikamwambia ukweli: mtoto wangu alikuwa ameacha kuzungumza nami, na usiku nilikuwa silali. Mzee hakunipa ushauri. Aliniuliza jina la mtoto, akaliombea palepale. Toka hapo yalikuwa mazungumzo ya watu wawili, maana hata mimi nilikuwa na wa kunisikiliza. Habari za gerezani alizisimulia baadaye kwa hiari yake, na hizo ni zake.

Ilibaki sehemu ngumu. Efeso 2:14 inasema Kristo alikibomoa "kiambaza cha kati kilichotutenga", na wengi huona kwamba Paulo alikuwa akiukumbuka ukuta wa hekalu la Yerusalemu ambao wasio Wayahudi hawakuruhusiwa kuupita. Mwaka 1871 lilipatikana jiwe la onyo la ukuta ule, limeandikwa kwa Kigiriki kwamba mgeni atakayekamatwa ndani amejitakia kifo. Walioulinda hawakuona kwamba wanatenda ubaya; walilinda patakatifu pao. Nami niliamini kwamba hata anayehama benchi kanisani ana kitu anachokilinda.

Kulikuwa na dada mmoja ambaye alihama kila mzee alipokaribia. Kabla ya kwenda kwake nilisoma tena, katika Matendo 10, habari ya Petro nyumbani kwa Kornelio, akida wa Kirumi asiye Myahudi. Petro anafika, anauliza ameitiwa nini, kisha Kornelio anaongea mistari minne mizima kabla mtume hajafungua kinywa kuhubiri. Nami nikamwuliza dada yule kinachomsumbua, nikanyamaza. Akaniambia kwamba kaka yake alivamiwa na majambazi usiku, na mpaka leo mkono wake mmoja haufanyi kazi. Sikumtetea mzee, wala sikumkumbusha dada habari ya kusamehe. Nilimwuliza kaka yake anaendeleaje, tukakaa sana juu ya hilo.

Kwa ruhusa yake nilimweleza mzee. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema dada ana haki ya kuogopa, na kwamba yeye ataendelea kukaa nyuma ili asimkwaze. Dada nilipompelekea jibu hilo, aliniuliza kama ni kweli alilisema mwenyewe. Hawajazungumza bado, wala sijawashurutisha. Yale mabenchi ya watoto yamekwisha, na sasa tunatengeneza madirisha, pamoja na vijana wawili walioomba kufundishwa.