Siku Moja Maishani Mwangu: Siku ya Kuimba Mbashara

Saa 12:00 asubuhi

Siongei. Washiriki wa shindano la kuimba la televisheni tunaokaa nyumba hii, siku ya onyesho tunasalimiana kwa ishara, na hakuna anayeona amedharauliwa. Wapo wanaonong'ona wakidhani wanapumzisha sauti, lakini kunong'ona kwa nguvu hulikaza koo. Kama kuna jambo la lazima, liseme taratibu kwa sauti yako ya kawaida, kisha nyamaza.

Nakunywa maji, ingawa najua ya asubuhi hii si ya kutegemewa sana. Maji hushuka kupitia umio, njia ya chakula, hayazigusi nyuzi za sauti zilizo ndani ya zoloto, kisanduku cha sauti kooni. Yanazifikia baadaye, yakishaingia mwilini. Ndiyo maana maji ya onyesho la leo niliyanywa jana mchana kutwa. Kinachozigusa nyuzi moja kwa moja ni hewa ninayoivuta, kwa hiyo nainamia bakuli la maji ya moto, taulo kichwani, navuta mvuke polepole.

Saa 1:30 asubuhi

Mrija. Naubana kwa midomo, natoa sauti kupitia humo, ikipanda na kushuka. Wembamba wake huirudisha nyuma sehemu ya msukumo wa hewa, na nyuzi za sauti hukutana kwa ulaini badala ya kupigana. Nikishika noti A iliyo juu ya C ya kati, nyuzi hizo hukutana mara 440 kwa sekunde. Kiitikio changu cha leo kinakaa karibu na hapo kwa muda mrefu. Ukilijua hilo, huamki kitandani ukaanza kupasa sauti kwa ajili ya kumsikilizisha jirani.

Saa 3:00 asubuhi

Studio, mahojiano ya ile filamu fupi inayorushwa kabla hujapanda jukwaani. Inabidi kila jibu lijitegemee, maana swali litakatwa. Ukiulizwa, "Unajisikiaje?" ukajibu, "Vizuri," hawana cha kutumia.

Leo wameniuliza habari za nyumbani, mara mbili, kwa maneno tofauti. Nimejibu nilichotaka kijulikane na kingine nimekiacha. Watu wanaotupigia kura wana haki ya kunifahamu kidogo, na filamu hizi zimewasaidia wengi kupendwa. Lakini huzuni yangu naitaka ndani ya wimbo, ambako naweza kuitawala. Ukishaimwaga yote kwenye kiti cha mahojiano, jukwaani unapanda mtupu.

Saa 4:30 asubuhi

Bendi. Kwangu hii ndiyo saa kubwa ya siku, kuliko hata ya usiku, na mtazamaji haioni kamwe.

Wimbo wa kawaida una dakika tatu, nne. Sisi tunapewa kama dakika moja na nusu. Kwa hiyo lazima ukatwe, na anayeshinda au kushindwa mara nyingi huanzia hapo kwenye kukata. Desturi ni kubakiza ubeti wa kwanza, kiitikio, kisha kurukia kiitikio cha mwisho kilichopandishwa juu, watu wapige makofi. Wimbo wangu ni wa mtu anayemuaga mama yake. Ubeti wa kwanza anaaga. Wa pili, mama anajibu. Mkurugenzi wa muziki alikuwa ameuondoa huo wa pili.

"Mwalimu," nikamwambia, "tukimnyamazisha mama, huyu mtoto anamwimbia nani?"

Akacheka, akaniuliza basi tupunguze wapi. Nikamwomba tuondoe utangulizi wote wa gitaa na kiitikio kimoja, niingie na sauti tupu, kinanda kinifuate kwenye mstari wa tatu. Tumejaribu. Mara ya kwanza kinanda kilichelewa, mara ya pili nikaharakisha mimi, mara ya tatu mpiga besi akaacha kupiga akasikiliza. Mkurugenzi akafuta alichoandika mwanzo, akaandika upya.

Kisha tukashusha kii, yaani kimo cha wimbo mzima, kwa nusu toni. Mshiriki mwenzangu, mdogo wa wote, alikuwa akisubiri zamu yake. Akanifuata mlangoni.

"Dada, usishushe. Majaji wanasimama kwenye zile noti za juu."

"Wanasimama, mdogo wangu. Lakini huyu mama anamjibu mwanawe, hapigi kelele."

Naamini hivyo kabisa. Noti ya juu ni tamu pale maneno yanapoidai. Ikija bila sababu, msikilizaji anastaajabia koo lako na kusahau ulichokuwa ukimwambia.

Saa 7:00 mchana

Nguo, nywele, vipodozi. Nimeomba kiuno kilegezwe, maana pumzi yangu hushuka mpaka mbavu za chini, na kisanduku cha mawimbi ya maiki kinahitaji pa kukaa mgongoni. Mshonaji amelimaliza haraka, Mungu ambariki.

Saa 8:30 mchana

Mazoezi ya kamera. Sakafuni kuna vipande vya utepe wa gundi: simama hapa ubeti wa kwanza, hatua tatu mpaka pale, geuka kwenye kamera yenye taa nyekundu. Ukikosa alama, mwanga unakuacha gizani na kamera inampiga picha mpiga ngoma.

Masikioni tunavaa spika ndogo. Ukumbi mkubwa una ujanja wake: ukuta ulio mita 17 mbele yako hukurudishia sauti yako baada ya takriban sehemu ya kumi ya sekunde, na ukiufuata mwangwi huo, unachelewa nyuma ya bendi. Nimemwomba fundi anipe kinanda kingi na sauti yangu kidogo. Nikijisikia mno, naimba kwa woga.

Saa 11:00 jioni

Tumepitia onyesho lote kwa nusu sauti. Sasa ni kusubiri. Kazi hii kwa sehemu kubwa ni kusubiri, na anayejua kusubiri bila kujichosha hufika mbali. Mdogo wangu anatembea ukumbi mzima akiimba. Nimemketisha karibu nami, tukapitia pamoja maneno ya wimbo wake kwa kuyasema tu, kama tunaongea.

Saa 2:20 usiku

Msimamizi wa jukwaa ananihesabia kwa vidole. Nimeingia na sauti tupu. Ukumbi ulinyamaza kuanzia mstari wa pili, na mama alipojibu nilisikia mtu akivuta pumzi kwenye viti vya mbele. Sikuhitaji noti ya juu.

Jaji mmoja amesema nilikuwa mtulivu kupita kiasi. Mwingine ameuliza nani aliyeupanga wimbo vile, nami nimemtaja mkurugenzi na bendi, kwa sababu ndiyo kweli.

Saa 3:50 usiku

Kura. Tangu kipindi cha Pop Idol kilipoanza Uingereza mwaka 2001, mashindano ya namna hii yamejengwa juu ya jambo hilo: majaji wanasema, watazamaji wanaamua. Leo wamemtoa mdogo wangu.

Alilia kwenye mabega yangu nyuma ya pazia. Nikamkumbusha habari za mwimbaji Jennifer Hudson: mwaka 2004 aliishia nafasi ya saba kwenye American Idol, na mwaka 2007 akapokea tuzo ya filamu ya Oscar. Sikumwambia ili kumfariji tu. Ile sauti yake ya katikati, ambayo huwa anaipita mbio akikimbilia juu, ni adimu, na nimemsihi atafute mwalimu atakayeisikia.

Saa 5:15 usiku

Vipodozi havijatoka bado, nimeletewa orodha ya nyimbo za wiki ijayo. Tunachagua usiku huuhuu, kwa sababu haki za wimbo huombwa mapema na nyingine hukataliwa. Nimeandika tatu kwa mpangilio. Wa kwanza una beti nne na hadithi yake inageuka kwenye ya nne, kwa hiyo nimemtumia mkurugenzi ujumbe kwamba kesho nitafika kabla ya bendi, tuanze kukata tukitokea mwisho.