Wazee wa vita vya Kagera bado tunao, tuwasikilize

Kila ikifika Julai 25 huwa naiangalia Siku ya Mashujaa kwenye tivii mwanzo mpaka mwisho, na naipenda kwa kweli. Rais anaenda kwenye mnara anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua, meya anaweka upinde na mshale, alafu ndo anakuja mzee wa Tanzania Legion, chama cha askari wastaafu, mara nyingi kwa mwendo wa taratibu, na yeye anaweka shoka. Tarumbeta zinalia, viongozi wa dini wanaomba, watu wanatawanyika. Sioni cha kupunguza hapo.

Ninachotaka kusema leo kinamhusu huyo mzee wa shoka. Wenzake pale wanaweka silaha kwa niaba ya vyeo vyao, yeye anaweka kwa ajili ya watu aliokula nao na kulala nao kwenye handaki moja, na kamera inamuonyesha sekunde chache tu inahamia kwingine. Na wazee kama yeye tunao mitaani kwetu, wanalima, wana viduka, wamekaa zao barazani, tunawapa shikamoo tunapita. Siku yote tumeipeleka kwa waliokufa, na waliokufa wanastahili kabisa, ila hawa waliorudi ni kama tunawasubiri wafe kwanza ndo tuwaite mashujaa, na hilo linaniuma sana.

Piga hesabu mwenyewe. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mwisho wa Oktoba 1978, yakachukua ardhi yetu yote ya kaskazini ya mto Kagera, daraja la Kyaka likalipuliwa siku hizo hizo, na Novemba 2 Mwalimu akatangaza kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo, na uwezo wa kumpiga tunao. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku ile sasa anagonga 70, na huyo ndo mdogo wao. Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 mpaka Uganda, katuacha Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, na yule mzee alianzia King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki, miaka ya 1940, yani vita mbili ndani ya mtu mmoja. Yeye alikuwa jenerali, taarifa zilitoka, taifa likamuaga. Mgambo wa kijijini akifa leo, atakayejua kwamba alitembea kwa miguu kwenda Uganda ni watoto wake tu, na wao wenyewe hawajui alipita wapi.

Maana hili lilishatutokea. Babu zetu waliopelekwa na Mwingereza kwenye Vita Kuu ya Pili, Uhabeshi, Madagascar, Burma, wamekwenda wote karibu, na tumebaki na nini? Februari 12, 1944 meli ya SS Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa torpedo na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives, ikazama dakika chache tu, wakafa karibu watu 1,300, na mamia kati yao walikuwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Jiulize kwenye ukoo wako kama kuna mtu anaijua habari hiyo. Wenzao waliorudi waliishi nasi miaka na miaka, walikuwa wanakaa nje jioni kama wazee wengine, hakuna aliyewauliza, wakaondoka nayo.

Sasa nieleze kwa nini nimeanza kulifikiria hili jambo hivi. Baba mkubwa wangu alienda Kagera akiwa mgambo. Nyumbani wote tunajua "alienda vita", hadithi inaishia hapo, watu wakimuuliza kama alimuona Amin au kama aliua mtu anatabasamu anabadilisha mada. Mwaka mmoja tulikuwa tunaangalia nae maadhimisho, wakati wa ile dakika ya ukimya nikaona midomo inatembea, nikadhani anasali, baadae ndo akaniambia alikuwa anataja majina. Anao watu wake anaowataja kila mwaka. Alafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo halijanitoka kichwani, akasema mwanangu, yupo mmoja hapo hakupigwa risasi, lori lilipinduka usiku kwenye tope, sasa yule na yeye anahesabiwa?

Nikabaki namuangalia. Mzee wa watu kakaa na hilo swali miaka yote hiyo.

Jibu ni kwamba anahesabiwa, na nilimsomea hesabu yenyewe. Askari wetu waliokufa kwenye ile vita wanatajwa kuwa 373, na kati yao waliouawa kwenye mapigano ni 96. Waliobaki waliondoka kwa ajali na maradhi na mambo mengine ya safari ya vita. Ukifikiria sio ajabu, jeshi lilipanuliwa haraka haraka kwa migambo na vijana, wanasafirishwa kutoka kila kona ya nchi, barabara zenyewe ndo zile, mvua, na sehemu kubwa ya njia kutoka Mutukula kwenda Masaka, Lukaya, mpaka Kampala ilipochukuliwa Aprili 11, 1979, watu walipiga kwa miguu na mizigo mgongoni. Aliyekufa kwa malaria njiani alikuwa anaenda kule kule. Akitajwa shujaa kwenye hotuba na huyo awemo, na nadhani ingesemwa wazi wazi, maana kuna familia zinaishi na hiyo aibu ya kimya kimya kwamba wa kwao hakufa "vizuri".

Kuanzia siku ile baba mkubwa akaanza kuongea. Sio mapigano, anaongelea viatu, jinsi miguu ilivyokuwa inavimba, anaongelea kijana mmoja wa pwani alikuwa anaimba vizuri na wakichoka wanamwambia aanzishe, anaongelea wanawake wa Uganda waliotoka na ndizi na maji kuwapokea barabarani. Lukaya, palipopigwa vita kali, hataki kuitaja, na mi siigusi. Siku moja pia alinisimulia alivyokwenda ofisi fulani kuulizia stahili za migambo akaambiwa alete vielelezo, na vielelezo vyenyewe viliungua na nyumba, akarudi zake shambani. Hakulalamika hata, mimi ndo nilishindwa kulala.

Na mama mkubwa nae jamani. Yeye alibaki na watoto wadogo hajui mume yuko hai au la, redio ndo ilikuwa barua yake. Vita ikaisha, Mwalimu akasema tufunge mkanda miezi 18, ikaja foleni ya sukari, foleni ya sabuni, na miezi 18 ikapita hali ikiwa ile ile. Huyo hana nishani wala hatapewa, ila ukikaa nae jikoni anakupa vita nzima ambayo hutaipata kwa askari yeyote.

Kuna na vijana wa juzi tu, waliokuwa Semuliki kule Kongo Desemba 7, 2017, tulipopoteza askari 14 wa kulinda amani. Waliotoka hai pale bado ni vijana, wengine wapo kazini mpaka sasa. Hao tusije tukawafanyia kama tulivyowafanyia wa Burma.

Kwa hiyo ombi langu Julai hii, kama nyumbani au mtaani kwako kuna mzee wa vita, nenda kakae nae. Sio kwa kuvamia na kamera usoni, mwambie kabla unachotaka, akikataa heshimu. Anza na vitu vidogo, walikuwa wanakula nini, nani alikuwa anampikia, mazoezi walifanyia wapi, alirudi nyumbani kwa usafiri gani na nani alimpokea. Usimuulize aliua wangapi. Akinyamaza na wewe nyamaza, wengine wanahitaji muda, wengine wakishaongea usiku hawalali, kwa hiyo asubuhi yake mpigie au rudi umsalimie. Simu ya kawaida inatosha kurekodi sauti. Mwanzoni kabisa taja tarehe na mahali, mwambie ataje jina lake kamili, kikosi chake na mwaka aliojiunga, na majina ya wenzake ayataje taratibu, wewe uyaandike pembeni kwa kalamu kwa sababu majina ndo yanapotea wa kwanza. Nakala moja iache kwake au kwa watoto wake, na usiirushe kwenye grupu lolote la WhatsApp mpaka yeye mwenyewe aseme sawa.