Mazizi ya zamani, Saadani

Jana nimerudi kutoka Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na kichwani sina bahari wala tembo. Nina majani.

Upande wa kaskazini, eneo la Mkwaja, kulikuwa na ranchi ya ng'ombe tangu miaka ya 1950 hadi mwaka 2000. Hifadhi ikatangazwa 2005. Ng'ombe wameondoka zamani, lakini alama zao zipo. Tulipita katikati ya migunga imesongamana, miiba mirefu myeupe, mingine imevimba kwenye kitako chake na ndani wamo sisimizi. Kisha ghafla uwanja wazi. Nilidhani wamefyeka.

Mwongozaji wetu akatuambia: "Hapa palikuwa zizi." Samadi ya miaka mingi ilirutubisha udongo, na sasa umeota ukoka mfupi, laini, wa kijani kabisa, wakati pembeni nyasi ni ndefu na ngumu. Ngiri walikuwa wamepiga magoti wanakula, wametulia kama wako kwao. Kuro nao walisimama pembezoni.

Na ile migunga? Ni ranchi hiyohiyo pia: malisho mengi hupunguza nyasi, moto unakosa nguvu ya kuua miche, miti inashika nafasi.

Nimekaa pale muda mrefu. Siku zote nilifikiri porini hakuna mkono wa mtu, kumbe ngiri yule alikuwa anakula jasho la wachungaji. Naomba sana wanaopanga moto wa kuchoma nyasi na njia za kupita mle ndani wayajue mazizi yale, moja moja.